Mshereheshaji wa harusi yangu anataka kusimulia kisa changu cha lindoni mbele ya wakwe

SWALI

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni binti wa Ngamiani hapa Tanga, na Mungu akipenda nitaolewa Mfungo Mosi. Posa imekwisha kupokelewa, mahari imekubaliwa, ukumbi umelipiwa malipo ya kwanza, na kwa upande wa nikahi sina jambo la kukusumbua nalo. Kinachoninyima usingizi ni mshereheshaji wa sherehe ya jioni. Kamati imemchagua kwa sababu ni kijana wa mtaani kwetu, ana sauti, maneno hayamkauki, na bei yake ni nafuu kuliko ya wenzake. Lakini kamati haikujua kwamba yeye na mimi tulikuwa kombania moja Jeshi la Kujenga Taifa (JKT).

Tulikwenda kwa mujibu wa sheria baada ya kumaliza kidato cha sita, tukapangiwa kikosi ambacho sitakitaja, na kwa kweli miezi ile mitatu siijutii hata kidogo. Nilijifunza kwata, nililima, niliimba mchakamchaka alfajiri mpaka sauti ikaniisha, na nilirudi nyumbani nikiwa mwembamba na mwenye adabu kiasi kwamba mama alilia kwa kimoja na kushukuru kwa kingine. Ila kuna usiku mmoja ambao wenzangu hawajausahau, na kwa jinsi mambo yanavyokwenda hawatausahau mpaka tuzikane.

Usiku huo zamu yangu ya lindo iliangukia saa nane, kwenye ghala la chakula nyuma ya bwalo. Ilikuwa inanyesha ile rasharasha isiyokatika, nami nimevaa koti la mvua la mtu mrefu ambalo mikono yake ilinipita vidole. Mkono wa kushoto nimeshika rungu, wa kulia tochi ambayo betri zake zilikuwa zinaaga dunia. Tulikuwa tumefundishwa vizuri kabisa kwamba mtu akikaribia unamwamuru asimame, unatamka neno la kwanza la usiku huo, naye anapaswa kujibu kwa neno la pili, na akishindwa unapiga filimbi. Neno la kwanza lilikuwa Mkonge, na la pili lilikuwa Kamba. Kwa hofu ya kuyasahau nilikuwa nimeyarudia moyoni tangu chakula cha jioni, yakifuatana bila kuachana, na nadhani hicho ndicho kilichoniponza, kwa sababu nilipoona kivuli kinatokea upande wa jiko, nilisikia sauti yangu mwenyewe ikisema kwa nguvu: “Simama! Mkonge! Jibu Kamba!”

Kivuli kilisimama. Kikakaa kimya kwa muda ambao mimi niliuona mrefu mno. Kisha sauti ya afande wa zamu, taratibu kabisa, ikasema, “Kamba.” Nami, Mjomba, badala ya kugundua nilichofanya, nilifurahi kwamba amejibu sawasawa. Nikamwambia, “Pita, afande,” nikakaza mwili na kupiga saluti kwa mkono ule ule wenye tochi. Tochi ikachomoka kwenye ule mkono mrefu wa koti, ikaruka, ikagonga kofia yake, kofia ikaangukia kwenye dimbwi, na katika harakati za kuiokota nikaikanyaga.

Asubuhi yake niliruka kichurachura mbele ya kombania nzima, kila nikitua natamka neno la kwanza na kombania inaniitikia kwa la pili. Tangu siku ile jina langu kwa wale watu ni Kamba. Mpaka leo nikipita sokoni naweza kusikia mtu anaita kutoka upande wa pili wa barabara, “Mkonge!”, na watu wanageuka kushangaa ni nani anayetangaza biashara.

Sasa huyu mshereheshaji ametuma ujumbe wa sauti kwenye kundi letu la WhatsApp akieleza mpango wake. Anataka kuingia ukumbini amevaa kombati na buti, rafiki yake awe afande, waigize kisa chote pamoja na kofia na dimbwi, kisha awafundishe wageni kwamba kila akisema “Mkonge!” ukumbi mzima uitikie “Kamba!”, na mwitikio huo ndio uwe wa sherehe yote mpaka keki. Wenzetu wamempongeza sana, na wengine wameahidi kuja kutoka Korogwe na Muheza kwa ajili ya hilo tu.

Tatizo ni baba mkwe wangu mtarajiwa. Yeye ni mstaafu wa Jeshi la Wananchi (JWTZ), alikuwepo kwenye vita vya Kagera, na ni mtu ambaye hata viti vya sebuleni kwake vimepangwa kwa mstari ulionyooka. Siku moja nikiwa kwao, mazungumzo yakaja juu ya mlinzi wa duka aliyeibiwa akiwa amelala, naye akasema maneno machache tu: “Lindo halina mzaha.” Hakuna aliyeongeza neno. Mchumba wangu hakijui kisa hiki. Anachojua ni kwamba nimepitia JKT, na ameshamsifia baba yake kwamba anaoa mtu mwenye nidhamu. Tena nina mawifi watatu wanaopenda kubatiza watu majina.

Mama anasema mshereheshaji aondolewe. Shangazi anasema nicheke na wenzangu, harusi si msiba. Bibi amesema mzaha mzaha hutumbua usaha, kisha akalala. Mimi mwenyewe sitaki kuonekana mtu asiyejua utani, kwa sababu tukiwa wenyewe kwa wenyewe kisa hiki nakicheka kuliko wote, na hata sehemu ya kofia huwa naisimulia mimi. Sielewi basi kwa nini kisa kile kile kinanitoa jasho nikikifikiria ukumbini. Na lipo jingine: mshereheshaji huyo huyo, tulipokuwa tunafanya mazoezi ya gwaride la kufunga mafunzo, amri ya “nyuma geuka” ilitolewa sote tukageuka, yeye hakusikia, akaendelea mbele peke yake, mikono ikipanda na kushuka sawasawa, na afande akatuashiria tunyamaze tuone atafika wapi. Alifika kwenye mikorosho. Hicho hakisimulii popote.

Nifanyeje, Mjomba?

Bibi harusi mtarajiwa, Ngamiani

JIBU

Marahaba, mpwa wangu, na hongera.

Nitaanza na jambo ambalo hukuniuliza, kwa sababu ndilo la haraka kuliko yote. Hiyo kombati isiingie ukumbini. Sheria ya nchi hairuhusu raia kuvaa sare za jeshi, na hili si katazo la kwenye karatasi tu: Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku saba kwa raia waliokuwa na sare hizo au mavazi yanayofanana nazo wazisalimishe. Kijana wenu alimaliza mafunzo ya miezi mitatu na kurudi mtaani. Yeye ni raia, na hata kama anasema ni mchezo wa jukwaani, sijui atamweleza nani hivyo ukumbi ukiwa umejaa simu zinazorekodi na meza ya mbele amekaa mstaafu wa jeshi. Baba mkwe wako anaweza kukusamehe neno lililokuponyoka gizani, lakini kumwona kijana anacheza dansi ndani ya vazi alilolivaa yeye vitani ni jambo jingine kabisa, na hapo nitakuwa upande wake. Mshereheshaji avae kanzu, au suti kama anaona kanzu haimpi nafasi ya kuruka.

Sasa tuje kwenye hofu yako. Umeandika kana kwamba mzee akisikia kisa hiki atasikia habari ya mtu aliyeshindwa lindo. Hebu kisome tena ulivyokiandika, lakini ukisome kwa macho ya mtu aliyewahi kukagua malindo. Ilikuwa saa nane za usiku, mvua inanyesha, kuruta yuko peke yake nyuma ya bwalo na koti lisilomtosha. Alikuwa macho. Alikuwa mahali alipopangiwa. Alikiona kivuli kabla kivuli hakijamfikia, na alikisimamisha. Afande wa zamu hupita kwenye malindo saa kama hizo makusudi, kwa sababu anataka kujua nani kalala na nani kaondoka kwenda kujikinga mvua, na mambo hayo mawili ndiyo ambayo askari wa zamani hawayasamehi. Mlinzi wa duka aliyezungumzwa siku ile alikuwa amelala. Wewe kosa lako lilitokana na kuwa macho kupita kiasi. Ninaamini mzee atalisikia hilo kabla hajaisikia habari ya kofia, ila kwa sharti kwamba anayesimulia haliruki. Mshereheshaji wenu ataliruka, kwa sababu halichekeshi, na hapo ndipo kisa kinapogeuka kutoka kuwa cha mlinzi aliyechanganya maneno kikawa cha msichana asiyejua kazi.

Na kama kumtangazia mtu jambo ambalo ungepaswa kumficha ni aibu, basi mji wetu huu umeona aibu kubwa zaidi ya yako, tena iliyofanywa na watu wenye vyeo vya kutosha. Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Kiingereza HMS Fox ilikuja mbele ya bandari yetu ikitangulia msafara wa meli zilizobeba askari wapatao 8,000 kutoka India, waliotumwa kuiteka Tanga kutoka kwa Wajerumani. Ungedhani ingeingia kimya kimya. Badala yake nahodha wake aliwasiliana kwanza na mkuu wa wilaya wa Kijerumani, akamjulisha rasmi kwamba makubaliano ya kutoushambulia mji yamefutwa, na akataka kujua kama bandari imetegwa mabomu ya baharini. Yaani alisimama mlangoni na kusema nimekuja kuwavamia, je, kuna hatari yoyote nikiingia? Hakupewa jibu la kumtuliza, kwa hiyo muda mwingi ukapita katika kusafisha mabomu ambayo hayakuwepo, na muda huo Wajerumani waliutumia kuleta askari kwa treni ya reli ya Usambara kutoka upande wa Moshi, wakiongozwa na Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck. Walipokamilika hawakuzidi sana 1,000.

Yaliyobaki ni yale ambayo kila mtoto wa Tanga amewahi kuyasikia kwa babu yake. Waingereza walishuka upande wa Ras Kasone, watu waliokuwa wamekaa baharini kwa majuma mengi, wengine bado kichefuchefu hakijawatoka, wakaingia kwenye mashamba na vichaka wasivyovijua. Tarehe 4 risasi zilipopamba moto, nyuki waliokuwa kwenye miti wakachafuka na kuwashukia watu. Baadhi ya Waingereza waliamini kabisa kwamba Wajerumani wamewatega nyuki wale kwa hila, jambo ambalo si kweli, kwani nyuki hawakuuliza sare. Von Lettow-Vorbeck mwenyewe aliandika kwamba hata wapiga bunduki za rashasha wa upande wake walishindwa kufanya kazi kwa kuumwa. Ndiyo maana vita vile vikaitwa Vita vya Nyuki. Jioni yake likatokea jambo ambalo mimi huliona la ajabu kuliko nyuki: tarumbeta ilipigwa upande wa Wajerumani, askari wao wakaielewa kuwa ni amri ya kurudi kambini, wakaondoka, na mji ukabaki bila mlinzi. Waingereza, waliokuwa wamesafiri kutoka India kwa ajili ya mji huo huo, hawakutambua kwamba umeachwa wazi. Siku iliyofuata walirudi melini, wakaacha nyuma bunduki za rashasha, mamia ya bunduki za kawaida na risasi zipatazo 600,000, na vitu hivyo vikawapa silaha maadui zao kwa muda mrefu baadaye.

Nimekusimulia haya kwa urefu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kukuonyesha kwamba afande wako hakukutana na kioja kipya duniani. Mtu mwenye hofu ulimi wake humtangulia, awe kuruta mwenye rungu au nahodha mwenye mizinga, na nahodha yule hakurushwa kichurachura. Majeshi yenyewe hulijua hili. Baadhi ya askari wa miamvuli wa Marekani walioshuka Normandy usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1944 walipewa vidude vidogo vya aina ile ya kuchezea watoto, vinavyolia tik ukivibonyeza: mmoja akibonyeza mara moja, mwenzake gizani anajibu mara mbili, na hakuna anayelazimika kufungua kinywa. Wewe ungepewa hicho, leo hii usingekuwa unaitwa Kamba.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Sisi wa Tanga tunacheka habari ya nyuki, na si vibaya, lakini katika siku zile wanajeshi wa upande wa Waingereza waliouawa na kujeruhiwa walizidi 800, na upande wa Wajerumani walikufa makumi kadhaa, wengi wao askari weusi, watoto wa makabila yetu. Makaburi ya vita yapo mjini humu mpaka leo. Mtu anayejua kusimulia hukicheka kisa cha nyuki kisha akajua mahali pa kushusha sauti. Baba mkwe wako anatoka katika vita ambavyo wenzake hawakurudi wote, na nadhani aliposema kwamba lindo halina mzaha hakuwa anawafundisha ninyi adabu. Alikuwa anazungumza na watu ambao hawakuwepo sebuleni. Kwa hiyo usijaribu kumshawishi kwamba maneno yake yalikuwa makali mno. Yalikuwa sahihi, kwa lindo la vitani. Lindo lako lilikuwa la mafunzo, na mafunzo yaliwekwa ili mtu akosee mahali ambapo kinachopotea ni kofia. Ninachokipima kwanza katika kisa chochote cha jeshi ni nani aliumia. Katika chako hakuumia mtu, ghala halikuibiwa, na afande alirudi akalala, pengine akicheka ndani ya shuka.

Umeuliza kwa nini unakicheka kundini na kinakutoa jasho ukumbini. Jibu lake wazee wetu walilipanga zamani katika utani. Mnyamwezi anaweza kumwambia Mzaramo maneno ambayo mtu mwingine akiyasema pataitwa wazee, kwa sababu Mzaramo naye ana ruhusa ile ile ya kumrudishia, papo hapo, na wote wawili wanalijua hilo. Kombania yenu ni watani kwa namna hiyo. Kila mmoja ana cha mwenzake mkononi; ukitajwa wewe na kofia, wewe unataja mikorosho, na mambo yanakwenda sawa. Ukumbini hali inabadilika. Mshereheshaji ameshika kipaza sauti, wewe umekaa jukwaani umepambwa, umeinamisha uso kama desturi inavyotaka, huwezi kujibu hata neno moja, na wanaosikiliza ni wakwe ambao hawana cha kwao walichokuwekea rehani. Huo si utani tena; ni mtu mmoja anasema na mwingine amefungwa mdomo. Jasho lako, mpwa wangu, lina akili kuliko shangazi yako, na naomba asiambiwe kwamba nimesema hivyo.

Pamoja na hayo sikubaliani na mama. Ukimwondoa kijana huyu sasa, kisa hakitaondoka naye. Atakuwa mtu mwenye kinyongo na ujumbe wa sauti, na watu wa Korogwe na Muheza watakuja vilevile, watakaa meza ya nyuma, na mmoja wao ataita “Mkonge!” wakati shehe anaomba dua. Kisa kikishakuwa na watu wengi kiasi hicho hakifichiki. Kilichobaki mikononi mwako ni nani akisikie kwanza na kwa kinywa cha nani.

Wa kwanza awe mchumba wako, tena kabla ya wiki hii kuisha. Usimwandikie na usimtumie ule ujumbe wa sauti. Mkutane, mkae mahali penye upepo, ununue madafu, na umsimulie kama ulivyonisimulia mimi, na koti na betri na kila kitu, kwa sababu umekisimulia vizuri na hilo nakwambia kwa dhati. Akicheka, umepata msaidizi. Akikasirika kwamba hukumwambia mapema, mwache akasirike kidogo, ni haki yake, alikusifu kwa baba yake bila kuwa na habari kamili. Ila akiona aibu kwako kwa jambo dogo kama hili, basi ni vema umelijua sasa, na uniandikie barua nyingine.

Kwa mzee usiende mwenyewe. Heshima kati ya mkwe na mchumba wa mtoto wake haina nafasi ya simulizi za kuangusha kofia, na hata akikuchekea usoni utabaki hujui moyoni amelipokeaje. Mwanawe ndiye amwambie, siku wakiwa wawili peke yao, na aanzie pale nilipokuonyesha: kwamba ulikuwa macho na ulimsimamisha afande. Baada ya hapo amweleze kwamba wenzako wa kombania wanataka kukitaja ukumbini, na amuombe ruhusa, kwa maneno hayo hayo ya kuomba ruhusa. Mstaafu wa jeshi akiombwa ruhusa huwa ameshapewa nafasi yake, na mara nyingi kinachomuudhi mzee si jambo lenyewe bali kulikuta limeshapangwa. Akikataa, kisa kisisimuliwe siku hiyo, na mshereheshaji aambiwe kwamba amri imetoka juu. Analijua neno hilo. Akikubali, mchumba wako amuulize kwa upole kama angependa, pale mshereheshaji atakapotamka “Mkonge”, yeye mzee ndiye awe wa kwanza kuitikia kabla ya ukumbi. Sikuhakikishii kwamba atapenda. Lakini nimekaa baraza moja na wastaafu kwa miaka mingi, na wengi wao wakianza habari za depo huwa hawasemi juu ya ushindi. Husema juu ya nani alivaa buti za mwenzake, nani alilala amesimama, nani aligeuka kushoto watu wote wakiwa wamegeukia kulia akajikuta anatazamana pua kwa pua na jirani yake. Hata waliokwenda JKT kabla mafunzo ya kwa mujibu wa sheria hayajasitishwa mwaka 1994, muda mrefu kabla ninyi hamjaanza kupelekwa tena mwaka 2013, ukiwasikiliza utadhani mlikuwa kombania moja. Huenda mzee anacho chake ambacho mpaka leo hajapata wa kumwambia.

Mawifi wasikusumbue. Jina watakupa tu, kwa kisa hiki au kwa namna unavyokuna nazi.

Kwa upande wa mshereheshaji, mwenyekiti wa kamati amwite nyumbani kwenu, mama akiwepo, apewe chai na mkate wa ajemi, kisha aambiwe masharti yake kwa utulivu. Kombati nimekwisha kuisema. Kikosi kisitajwe, na afande yule asitajwe jina wala asiigizwe sauti yake, kwa kuwa bado yuko kazini na hakualikwa. Kisa kisemwe mara moja tu, baada ya watu kula, wakati wazee wameshiba na dua imeshapita. Huo mwitikio wa kuanzia kuingia mpaka keki utawachosha wageni kabla hata ya biriani. Ule ujumbe wa sauti aufute kundini na aombe wenzake wasiusambaze, maana ukimfikia mzee kabla ya mwanawe kusema naye, kazi yote hii imeharibika. Na sharti ambalo usilegeze hata kidogo: kabla ya kutamka neno lolote juu ya lindo, aanze kwa kusimulia yeye mwenyewe alivyokwenda kwenye mikorosho. Asimulie yote, pamoja na mikono iliyokuwa inapanda sawasawa. Akifanya hivyo utani utakuwa umerudi mahali pake, kwa sababu atakuwa amekujibia wewe usiyeweza kusema, na ukumbi utakucheka ukiwa umeshamcheka yeye.

Akisita kwenye sharti hilo la mwisho, mwenyekiti asibishane naye wala asiongeze fedha. Amshukuru, amsindikize mpaka barazani, na jioni hiyo hiyo atafute mwingine, kwa sababu Mfungo Mosi harusi za Tanga hufuatana kila siku na washereheshaji wazuri huwa wameshashikwa tangu Shaabani.

Mjomba